Mikono ya Efrazia

Simu iliita wakati Efrazia amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, akimkamua, na ukungu wa kijiji cha Kwai bado umelalia kabichi.

Mama yake alisimama mlangoni mwa banda, jembe begani. Tangu binti arudi kutoka Dar, uuguzi ukiwa umemchosha mpaka mikono inamtetemeka, ng'ombe yule alimbania maziwa kila asubuhi. Ng'ombe huutambua mkono wenye wasiwasi. Efrazia hakuona haya. Alimwachia mama ndoo, na kesho yake akajaribu tena.

Sasa aliibana simu kwa bega. "Shikamoo, matroni."

Mama alijua kinachofuata: ataitwa arudi zamu, naye atakubali. Yeye mwenyewe ndiye aliyemlea hivyo.

"Hapana, matroni. Jumatatu siji. Daktari kanipumzisha, na bado sijapona."

Sauti ilikuwa tulivu. Vidole havikusita. Ng'ombe akashusha maziwa, yakapiga ndoo chwaa, chwaa, mpaka povu likapanda.

Mama, aliyezoea kupalilia viazi hata akiwa na homa, alimtazama mwanawe kama anayemtazama mtu aliyemzidi.

Kisha akalitua jembe, akaliegemeza ukutani, akaketi.