Kuwagongea Nyuki wa Pavla

"We Izidor, umekosea mlango!" Ciril alipaza sauti kutoka chumba cha wazoefu katika jengo la chama cha wafuga nyuki, gilasi mkononi. "Huko ni chekechea! Miaka hamsini unafuga nyuki, leo unakwenda kuonyeshwa malkia ni yupi?"

Wazee wenzake wakaangua kicheko. Izidor Mlakar aliingia huko huko. Alivua kofia, akakaa kiti cha mbele kabisa katika darasa la wanaoanza, fimbo yake katikati ya magoti.

"Endelea, mwalimu," alisema. "Mimi sijui kitu."

Nuša, mwalimu wa kozi, alidhani anachezewa shere. Nusu ya aliyoyajua kuhusu nyuki aliyapata kwenye banda la mzee huyu huyu, tangu akiwa msichana wa shule. Leo amfundishe kushika bomba la kufukizia nyuki moshi? Loo! Lakini Jumamosi baada ya Jumamosi mzee alikuja, akaandika kila neno. Walipofungua mzinga wa mazoezi, hakuwatazama nyuki hata kidogo. Aliitazama mikono ya wanafunzi, nani ana papara na nani ametulia.

Hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu, maana msiba wake ulikuwa mbichi. Mwezi wa tatu yeye ndiye aliyekuwa mahututi hospitalini mjini, moyo umemgomea, na kijiji kilikuwa kimeshakata tamaa. Akarudi, amekonda, lakini akarudi. Wiki moja baada ya Pasaka akaondoka Pavla, mkewe, mtu ambaye hata mafua hayakuwa yakimjua. Alilala akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Mambo ya Mungu hayo.

Jambo moja watu walilisema chini chini. Tangu atoke hospitali, Izidor hakutia mguu kwenye banda lake la nyuki. Pavla alikuwa akiingia peke yake, mume akimngoja nje kwenye benchi. Moyo huo, walisema, anaogopa kujichosha.

Jumamosi ya tatu Nuša alifundisha mambo ya kale.

"Mwenye nyuki akifa," alisema, "mtu wa nyumbani hupita mzinga kwa mzinga. Anagonga mara tatu, anawaambia: bwana wenu amekufa, sasa mimi ndiye bwana wenu. Wasipoambiwa, wananyong'onyea mpaka wanakwisha."

Drago, fundi bomba, mtu wa mzaha, akanyoosha mkono. "Na ukikosea je, mwalimu? Umeshagonga, umeshalia, kumbe mtu mwenyewe yuko baa?"

Darasa zima likacheka, Nuša naye akacheka. "Maji yakimwagika hayazoleki, Drago. Wazee wetu walisema nyuki huambiwa mara moja tu. Kwao huyo amekwisha, hata akija akipiga kinanda cha akodiani."

Ndipo akamwona Izidor. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, kalamu imesimama juu ya karatasi. Nuša aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Baada ya darasa alimfuata nje. "Mzee wangu, nisamehe. Nimesema ovyo mbele ya mfiwa."

"Mizinga miwili imenyamaza," Izidor alisema. "Ilikuwa ishirini na minne."

"Ina maana hujawaambia habari za Pavla?"

"Hawajaambiwa."

"Mzee Izidor! Mwezi mzima? Mitofaa imechanua, na wewe unawaacha nyuki wa Pavla wafe mmoja mmoja?"

"Najua, binti yangu. Ndiyo maana nimekuja kozi."

Nuša hakuelewa, akayahesabu kuwa maneno ya majonzi. "Nenda leo. Inauma, mimi najua. Baba alipokufa nililia tangu mzinga wa kwanza mpaka wa mwisho, lakini niligonga."

"Sitasikika."

"Utasikika. Hata ukinong'ona."

Mzee alitikisa kichwa, akaenda zake.

Siku ya kumaliza kozi, wengine walipokuwa wakikata keki ya walnuti, Izidor alimshika Nuša mkono wa shati. "Twende nyumbani mara moja. Imenyamaza mingine mitatu."

Walipanda njia ya malishoni. Banda lilikuwa palepale, mbao za mizinga zimechorwa watakatifu na dubu na wanawake wagomvi, rangi nyingine za mkono wa Pavla. Mbele ya mizinga mitano hakukuwa na nyuki hata mmoja. Hatua kumi kabla ya mlango, Izidor alisimama penye benchi, akatoa ufunguo uliofungwa uzi mwekundu.

"Ingia wewe. Gonga, uwaambie Pavla amekufa, na kwamba bwana wao sasa ni wewe. Nilikuja darasani kutafuta mkono mtulivu. Nimewatazama wote, kumbe mkono wenyewe ulikuwa ubaoni."

Nuša aliurudisha mkono nyuma. Hakuupokea ufunguo.

"Siwezi kukunyang'anya nyuki wako. Miaka hamsini, mzee! Nitakushika mkono, tutaingia pamoja, lakini mwenye kusema ni wewe. Kwa nini hutaki?"

Izidor aliitazama mizinga kama mtu anayetazama dirisha la nyumba aliyohama.

"Kwa sababu walishaambiwa nimekufa," alisema. "Pavla mwenyewe aliwagongea, mwezi wa tatu, hospitali ilipompigia simu kwamba nimekwisha, mizinga yote ishirini na minne. Alikuwa kwenye mzinga wa mwisho hospitali ilipopiga simu mara ya pili, kuomba radhi."