Nyanya Nyekundu Mpakani

Siku ya nne mpakani, Sikudhani alipanda tena juu ya lori kukagua nyanya za wakulima wenzake. Miaka yote walizichuma zikiwa bado kijani ili zivumilie foleni. Safari hii yeye ndiye aliyewashawishi waziache ziive shambani, kwa sababu redio ilitangaza kwamba mihuri tisa ya kuvukia mpaka imefutwa, na sasa ni dirisha moja na dakika thelathini tu.

Dirisha lilikuwepo kweli, jipya, lenye kioo safi. Karani aliyekaa nyuma yake alikuwa mpole.

"Mtandao haujarudi, mama."

"Si unigongee ule muhuri wa zamani, mwanangu? Nyanya zinatoa maji."

"Mihuri ilichomwa moto yote. Tulipiga na picha."

Kombo, dereva wa lori, alicheka bila furaha. "Zamani saa hizi tungekuwa muhuri wa saba, shangazi."

Sikudhani hakucheka. Nyumbani, watu wa kaya arobaini walikuwa wakingoja simu yake, na walimwamini kwa kuwa hajawahi kuwadanganya.

Alichagua nyanya moja iliyokuwa bado nzima, akaifuta kwa kanga, akaiweka mbele ya kioo, chini ya bango lililoahidi dakika thelathini. Karani aliitazama, asiiguse. Chini ya lori maji mekundu yalitiririka polepole, yakapita chini ya kizuizi, yakaingia upande wa pili.