Keki ya Chai ya Saa Nne

Jibu, 0.294, lilipotokea kwenye skrini, chumba kizima kililipuka kwa vigelegele. Ndiyo sehemu ya ulimwengu iliyo maada, nyingi yake maada giza, ile isiyoonekana kwa darubini yoyote lakini inayozivuta galaksi zikajipanga kama nyuzi za wavu.

Kwa miaka mitano Tamsyn na wenzake walipima galaksi juu ya mlima huu wa Australia wenye kangaruu wengi kuliko watu. Muda wote huo kompyuta iliwaficha jibu kwa makusudi, mtu asije akapinda hesabu zimpe anachokitaka. Waliapa kwamba hakuna kuchungulia hadi leo.

"Haya jamani, chai!" Profesa, mkuu wa mradi, alifunua keki kwa mbwembwe. "Tamsyn, kata wewe."

Juu ya sukari nyeupe, kwa chokoleti iliyokwisha kukauka na kufanya nyufa, palikuwa pameandikwa 0.294.

Kisu kikabaki hewani. Mwezi uliopita Profesa ndiye aliyeng'ang'ania galaksi za kusini zitupwe kwenye hesabu. "Zina kasoro, niamini," alimwambia Tamsyn, naye akaitupa kazi yake ya miaka miwili.

"Keki nzuri," alisema Tamsyn. "Umeichukua lini?"

"Jana mchana, pale kwa yule mama wa..." Profesa akajikatiza, akanyoosha mkono kuivuta sahani.

Tamsyn aliigeuza sahani iwaelekee wenzake.

"Someni wenyewe! Sisi wajinga jibu tumelifungua leo. Keki inalijua tangu jana."