Matusi ya Kyondo

Barthélemy alimtukana Gracien, Chef wa mtaa, mchana kweupe, kwa sauti ya kufika hadi barabara ya lami, na Chef akavua kofia kwa heshima.

Matusi yalitoka kwenye kyondo: gogo lililochimbwa tumbo, lisilo na ngozi, la kupigwa kwa vijiti viwili. Kule kijijini, upande wa Kamina, kyondo kilisema kama mtu. Kilitangaza msiba, kiliita wawindaji, na kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma. Baba yake ndiye alikuwa mpigaji. Alimpeleka mtoto shuleni, na jioni akamfundisha vijiti. Ya shule hayakufika mbali. Ya vijiti yalibaki.

Hapa Likasi nani anasikia kyondo? Jenereta zimewaziba watu masikio. Kwa hiyo tangu mkewe Henriette azikwe, kila jua likianza kushuka, Barthélemy aliketi uani akapiga maneno yaleyale:

“Gracien, tumbo lisilojaa, umekula betri, umemuua Henriette.”

Majirani walitikisa vichwa. “Masikini papa, analilia bibi yake.”

Akawaacha waseme. Hakumweleza mtu. Raha ya kumtukana mkubwa ni ya kulamba peke yako.

Betri ilikuwa ya ambulansi ya mtaa. Siku Henriette alipokosa pumzi, mdogo wake, Alexis, ndiye aliyekimbia kuliita gari. Yeye ndiye aliyekuwa akiliosha kila Jumamosi. Alirudi na uso wa majivu. “Shemeki, betri haiko.” Mlango wa gereji mzima, kufuli nzima. Wakamlaza mgonjwa kwenye mkokoteni wa makaa, Barthélemy akivuta mbele, Alexis akisukuma nyuma, wakapanda kilima, mpaka Barthélemy akasikia mkokoteni umekuwa mzito ghafla. Alexis alikuwa ameacha kusukuma.

Ufunguo wa gereji unalala kwa nani? Kwa Chef Gracien. Basi, hilo halihitaji diploma. Wakubwa wa nchi hii ndivyo walivyo, kuanzia yule wa juu kabisa mpaka huyu wa kofia na muhuri: wamekula umeme, wamekula maji, wamekula barabara, na ukiwa na mgonjwa wanakwambia ufunge na kuomba.

Alexis alibaki kuwa mtu wake. Tangu alipofunga kabisa, wiki ile ya mazishi, kibanda chake cha kuchaji simu za watu, kila jioni alileta bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo, akaketi juu ya kopo la mafuta, akala tonge moja au mbili.

“Alexis, kyondo bado unakisikia?” Barthélemy alimuuliza zamani kidogo.

“Aa, shemeki. Minye nilishasahau. Masikio yangu ilishakuwa ya Likasi.”

“Hata jina yako ya ngoma? Baba yenu alikupatia jina nzuri sana: Mtoto Aliyekulia Mgongoni mwa Dada Yake.”

“Hata ile nilisahau.”

Barthélemy alitema mate pembeni. Mji huu unakula mpaka masikio ya watu.

Sasa leo Chef alikuwa amekuja mwenyewe, na sabuni na sukari ndani ya mfuko.

“Papa Barthélemy, hii ngoma yako inanigusa roho. Inasema nini?”

“Inaita muntu, Chef.”

“Ee, mama Henriette!” Chef alivuta kiti. “Piga tena, papa.”

Akapiga tena. Akapiga vizuri kuliko siku zote. Tumbo lisilojaa alilirudia, akalirefusha, akalipamba kama bibi arusi. Chef alifuta macho kwa mkono wa shati.

“Tangu mama yangu azikwe, sijasikia kilio ya namna hii. Siku yangu ikifika, ni weye utanipigia.”

“Bila shida, Chef. Jina yako ninaijua sawasawa.”

Chef alipotoka getini, Barthélemy alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, mpaka machozi yakamtoka, kicheko cha kwanza tangu makaburini. Kwenye kopo la mafuta, Alexis hakucheka. Bukari lilikuwa limepoa mbele yake, halijaguswa.

“Unanuna nini weye? Kula!”

Akachukua vijiti aanze upya. Gracien, tumbo lisi—

Mkono wa Alexis ulishika vijiti.

“Shemeki, Chef umuache.”

“Nimuache? Unamulilia mwizi kuliko dada yako?”

Alexis alivitoa vile vijiti taratibu kwenye vidole vya mzee, akasogeza kopo karibu na gogo, akainama. Mikono haikukosea hata pigo moja:

“Mtoto aliyekulia mgongoni mwa dada yake, umekula betri, umemuua Henriette.”