Zamu ya Bi Kibibi

Daktari alizima tochi, akasema mishipa ya damu ndani ya macho ya mtoto Zuwena imejipindapinda. Ni ugonjwa adimu, wa kurithi.

“Si nilisema?” Bi Kibibi alimgeukia Mashavu, mke wa mwanawe. “Damu ya kwenu hiyo! Kesho unarudi kwenu, mjukuu wangu anabaki.”

“Mama mtu nimeshampima, hana kitu,” daktari alisema. “Sasa zamu yako, bibi.”

Bi Kibibi akacheka, akaweka kidevu kwenye mashine. Daktari alichungulia jicho la kulia, akahamia la kushoto, kisha akarudi tena la kulia.

“Mbona kimya, baba?”

Daktari alivuta faili la Zuwena, akalinganisha. Bila kuinua kidevu, Bi Kibibi alipapasa ubavuni mwake, akalikamata pindo la kanga ya Mashavu.