Dole Gumba la Sista

Baadaye Sista alikiri kwamba kosa lilikuwa lake: macho yake yalikuwa kwenye saa aliyoibandika kifuani, wala hakuangalia ni kidole gani kilichokuwa kazini.

Walikuwa wameketi bega kwa bega kwenye benchi la ukumbini, yeye na Chiriku, nje ya mlango wa chumba cha utahini. Sista alikuwa ameung'ang'ania mkono wa mwenzake, akihesabu mapigo.

"Mia moja na thelathini na mbili!" alinong'ona. "Huu si moyo, Chiriku. Hii ni cherehani."

"Mbona mimi niko shwari, Sista?"

"Wote husema hivyohivyo. Haya, vuta pumzi. Toa. Polepole, hupulizi moto."

Jina la Chiriku alimpa Sista mwenyewe, miaka kumi na minane iliyopita, binti huyo alipokuja wodini kujifunza uuguzi, akiwa na maswali yasiyoisha. Kwa nini kidonda cha bibi wa kitanda cha nne hakikauki, na cha jirani yake kimekauka? Wauguzi wengine walimkimbia. Sista alimpa daftari, akamwambia aandike. Miaka michache baadaye Sista naye aliacha zamu za wodi akaenda kufundisha, na hadi leo watafiti chipukizi humletea rasimu zao kimyakimya kabla ya kuwapelekea wasimamizi wao. Huwarudishia zikiwa nyekundu kama bandeji ya kidonda kibichi.

Sasa utafiti wa miaka mitano, juu ya vidonda vya wagonjwa wanaolala muda mrefu, ulikuwa unasubiriwa na maprofesa watatu. Usajili wa masomo ulikuwa unakwisha Ijumaa. Utafiti ukikataliwa leo, ndiyo basi tena. Chiriku aliipakata tasnifu na kuikumbatia, isije ikapekuliwa mara ya mia.

"Wakisema wagonjwa ni wachache?" Sista aliuliza.

"Tunasema tuliwageuza mmoja mmoja, kwa mikono."

"Na ulimi ukikauka?"

Sista hakungoja jibu. Alitia mkono mkobani akatoa chupa ya maji, biskuti, soksi za akiba na, kwa sababu ambazo hata yeye hakuzijua, kipimajoto.

"Hicho ni cha profesa yupi?" Chiriku aliuliza.

Kicheko kiliwapasuka wote wawili. Walicheka hadi benchi likalia, hadi mtu akagonga ukuta kutoka ndani. Sista alifuta machozi kwa soksi, akatafuna biskuti, kisha akaurudia mkono wa Chiriku na kukazia macho saa yake.

"Mia moja na arobaini! Mwanangu, utazimia!"

"Sista," Chiriku alisema kwa upole, "somo lako la kwanza wodini lilikuwa lipi?"

"Kunawa mikono."

"La pili?"

Sista alitazama chini. Dole gumba lake lilikuwa limekandamiza kifundo cha mkono wa Chiriku.

"Usipime kwa dole gumba," alijibu polepole. "Lina mapigo yake. Utahesabu..."

Mlango ulifunguliwa. Karani alichungulia.

"Mtahiniwa aingie. Msimamizi wake amfuate, akae nyuma."

Chiriku alimkabidhi Sista tasnifu, akampangusa makombo ya biskuti kifuani.

"Tangulia, mama. Wewe ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza, usiniaibishe."

Siku hizi Sista husimamia watafiti sita kwa barua rasmi ya chuo, na huwapima mapigo mlangoni kwa vidole viwili.