Kisigino cha Soksi

Kwenye picha, kitambaa kilicholazwa chini ya ile soksi nilikifuma mimi.

Nilisogeza simu puani. Ua la pembeni lina petali saba, mengine yote sita, kwa sababu siku ile nilikuwa nafuma huku nasengenya. Kitambaa hicho nilimpa Mukunde, mke wa mwanangu, siku ya harusi yao. Tangu Pasaka hajakanyaga hapa kwangu Niboye, eti nilisema chai yake inafaa kuogea.

Kwenye kundi letu la kufuma, humo kwenye simu, kila mtu ana jina la kujibandika. Mimi ni Kuku Mweupe, na wananiita dada. Tunafuma vitu vidogo vya kumaliza kabla maharage hayajaiva, halafu tunarushiana picha na kusifiana bila aibu.

Sasa huyu Malkia wa Uzi ametuma picha hii na kuandika: "Dada zangu, kisigino cha soksi ya mtoto kinanishinda. Mama mkwe angenifundisha, ila hata mimba sijamwambia. Atanicheka mpaka mtoto aote ndevu."

Nikacheka, kweli. Halafu nikaitazama tena soksi. Ingeenea kidole gumba changu tu.

"Dada Kuku, upo?"

Ningeweza kumwandikia maelezo, nikabaki dada. Nikabonyeza alama ya sauti, nikakohoa kile kikohozi changu anachokijua.

"Mwanangu, fumua mistari miwili. Halafu bandika chai, nakuja. Iwe ile ile."